Namba 7 ya Jana na ya Leo

Zamani kule Uskoti fimbo ya gofu haikuwa na namba. Fundi alichonga mpini wa mti wa hickory, mhunzi akafua kichwa, na fimbo ikaitwa kwa jina: mashie, niblick. Mafundi wawili hawakulaza uso wa chuma sawasawa, hivyo mchezaji ilimbidi aijue fimbo yake kwa jicho na kwa mkono.

Mwaka 1929 wakuu wa gofu kule St Andrews, Uskoti, waliruhusu mipini ya chuma. Seti za kiwandani zilizopangwa kwa namba zikaenea, na kuanzia 1938 Marekani ikaweka kikomo cha fimbo 14 kwa mchezaji. Utaratibu ulipatikana, ila hakuna kanuni iliyoifunga namba na pembe yoyote ya uso.

Mimi hutengeneza fimbo, na kipimo cha pembe hakikosi mezani pangu. Namba 7 ya miaka ya 1970 husoma nyuzi 38 hivi; baadhi ya mpya hazifiki 30, yaani uso umesimama zaidi na mpira huenda mbali zaidi. Ni kweli, vichwa vya sasa vimeshushwa uzito chini, kwa hiyo mpira huinuka hata uso ukisimama. Lakini mnunuzi huambiwa amepata umbali, kumbe amepewa namba 5 ya zamani yenye chapa ya 7! Hilo linaniudhi, kwa sababu pengo humtokea karibu na shimo: wedge (fimbo ya mipigo mifupi) ya seti ina nyuzi 43, ya mchangani 56, na katikati hana fimbo. Tafadhali, uliza nyuzi kabla hujalipa.