Mpiga piano aliyeingia kwenye hologramu

Hologramu ikitajwa, sifa humwendea Dennis Gabor, aliyeibuni 1947 na kupewa Nobel ya fizikia 1971. Anastahili. Lakini leo namtaja mpiga piano.

Michael Snow wa Toronto, Kanada, alipiga jazi kabla ya kujulikana kwa filamu. Katika Wavelength (1967), kamera inavuta chumba kimoja taratibu kwa dakika 45, huku mlio ukipanda kutoka mitetemo 50 kwa sekunde hadi 12,000. Picha inaishia kwenye mawimbi ya bahari, yaliyobandikwa ukutani. Mtu wa namna hii kufika kwenye hologramu, mimi sishangai hata kidogo. Hologramu ni mawimbi ya leza yaliyokutana, na alama za kukutana kwao zikahifadhiwa. Picha ya kawaida hushika nguvu ya mwanga tu. Hii hushika pia mpishano wa mawimbi, ndiyo maana ukisogeza kichwa unaona ubavu wa kitu uliokuwa umejificha.

Mwaka 1986, kwenye Expo 86 mjini Vancouver, Snow alionyesha hologramu zake chini ya jina The Spectral Image. Alifariki 2023. Zitafute mtandaoni: utapata picha bapa. Sogeza kichwa utakavyo mbele ya skrini, ubavu hauonekani.