Idadi 61,741,120: Sifa za Namba na Ushahidi wa Kihistoria katika Sensa ya 2022

Insha hii inachunguza namna mwanahistoria anavyopaswa kusoma namba nzima kubwa inapotumika kama chanzo cha ushahidi. Mfano wake ni 61,741,120, idadi ya watu wa Tanzania waliohesabiwa katika Sensa ya 2022, iliyotangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022.

Kihisabati, namba hiyo ni zao la 2⁶ × 5 × 7 × 43 × 641. Kigawo cha mwisho kina historia yake: mwaka 1732 Leonhard Euler alionesha kwamba 641 inaigawa 4,294,967,297 bila baki, akabatilisha dhana ya Fermat kwamba namba hiyo ni tasa. Idadi ya Mkoa wa Dodoma, 3,085,625, nayo ni 5⁴ × 4,937.

Je, sifa hizi ni ushahidi wa kihistoria? Tuchukulie kwamba karani mmoja wa sensa aliruka mtu mmoja. Jumla ingekuwa 61,741,119, na kwa kuwa namba mbili zinazofuatana hazina kigawo tasa cha pamoja, vigawo vyote vilivyotajwa vingetoweka. Hata hivyo, wastani wa ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu 2012, watu walipokuwa 44,928,923, usingebadilika. Sifa inayotoweka kwa kosa la mtu mmoja ni sifa ya namba, si ya jamii iliyohesabiwa.

Sifa ya kujumlishika ina uzito zaidi. Wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130 wanafikia jumla ileile inayopatikana kwa kujumlisha watu 59,851,347 wa Tanzania Bara na 1,889,773 wa Zanzibar. Ulinganifu huo unathibitisha kwamba majedwali yanapatana. Hauthibitishi kwamba kila kaya ilifikiwa, kwani aliyeachwa hakuingia katika jedwali lolote.

Tofauti hii ina maana ya pekee kwa Dodoma. Kati ya 2012 na 2022 mkoa uliongezeka kutoka watu 2,083,588 hadi 3,085,625, yaani takriban asilimia 48, ilhali taifa liliongezeka kwa takriban asilimia 37. Ni rahisi kuihusisha tofauti hiyo moja kwa moja na utekelezaji, kuanzia 2016, wa uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma. Lakini jumla peke yake haitenganishi waliozaliwa na waliohamia. Hoja ya uhamiaji inahitaji takwimu za mahali pa kuzaliwa na ulinganisho wa jiji na wilaya za vijijini.

Kwa hiyo, usahihi wa tarakimu ya mwisho usichukuliwe kuwa ukamilifu wa hesabu. Hilo si suala la nadharia tu, kwa kuwa madarasa, zahanati na visima hupangwa kwa kufuata namba hizo, na asiyehesabiwa hukosa fungu lake katika mpango.