Ngome za mawe, ngome za miti

Dada mmoja wa shirika, jina lake naliacha, alikuja kutuaga kabla ya kwenda likizo. Siku hiyo nilikuwa Gasorwe, nimetoka Magarama kumletea mama sabuni na dawa ya presha. Tukamuuliza anaenda wapi. Akasema anaenda Ufaransa, upande wa kusini, kutembea kwa miguu. Mama akauliza: "Kwani magari yameisha huko?" Tukacheka wote, na yeye akacheka.

Akatuelezea. Ni matembezi ya polepole, si mashindano. Unatembea asubuhi, unapumzika mchana, mzigo wako unatangulia na gari mpaka nyumba ya kulala wageni. Jioni unakula vizuri, unalala. Kesho yake unapanda kilima kingine. Juu ya kila kilima kuna ngome ya mawe ya zamani, na watu wanaziita ngome za Wakathari. Akatuonyesha picha kwenye simu: mwamba mrefu, na juu yake ukuta umekaa kama kofia.

Mama aliitazama ile picha muda mrefu. Kisha akasema kwa lugha yetu: "Sisi nasi tulitembea. Ila mzigo ulikuwa kichwani."

Nilirudi Magarama na lile neno. Mimi ni fundi wa nguo, nina cherehani moja kwa shangazi yangu, na kazi ya cherehani inampa mtu nafasi ya kufikiri. Nikaanza kusoma kidogo kidogo kwenye simu: hawa Wakathari walikuwa nani?

Walikuwa Wakristo wa miaka ya 1100 na 1200, katika nchi ya Languedoc. Wenyewe walijiita Wakristo wema. Waliamini kwamba roho imetoka kwa Mungu mwema, lakini dunia hii ya udongo na nyama ina mwenyewe mwingine, mbaya. Viongozi wao hawakula nyama, hawakuapa kiapo, hawakushika silaha. Kanisa la Roma liliona huo ni uasi. Mwaka 1209 Papa Innocent wa Tatu akatuma jeshi la vita vya msalaba, na mwaka huo huo mji wa Béziers ukachinjwa. Waliobaki wakakimbilia milimani, kwa mabwana waliokubali kuwapokea. Kimbilio lao kubwa lilikuwa Montségur, juu ya mwamba. Jeshi la mfalme wa Ufaransa liliuzingira mwamba huo tangu Mei 1243 hadi Machi 1244. Walipoteremka, waliambiwa: kana imani yako, upone. Zaidi ya 200 walikataa, wakachomwa moto chini ya mlima.

Basi kumbe zile ngome zilikuwa za wakimbizi! Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu safarini. Nikaendelea kusoma, na hapo nikakuta jambo lililonikata furaha. Kuta nyingi wanazopiga picha leo si za Wakathari. Wakathari walipomalizwa, wafalme wa Ufaransa walizichukua ngome kama Peyrepertuse na Quéribus, wakazijenga upya na kuzikuza, ili kulinda mpaka wao na Aragon. Hata pale Montségur, ukuta unaoonekana leo ulijengwa baada ya moto ule, na bwana mpya aliyepewa nchi. Mpaka uliposogezwa mwaka 1659 kwa mkataba wa Pyrenees, ngome zikakosa kazi, zikaanza kubomoka. Jina limebaki la walioshindwa, lakini mawe ni ya walioshinda.

Wakati huo huo nilikuwa na shida yangu binafsi, ndiyo maana jambo hili lilinikaa kooni. Nilikuwa nimeitwa kwenye mahojiano ya faili ya familia yetu. Afisa, mtu mpole tu, alinipa karatasi na kalamu akaniambia: chora kijiji chenu. Shule iko wapi, soko, nyumba yenu. Sisi tulitoka upande wa Kiliba, karibu na Uvira, mwezi wa sita 2004, nikiwa na miaka 9. Nilichora barabara. Nikachora mto. Kisha kalamu ikasimama. Akauliza: "Nyumba yenu ilikuwa ya namna gani?" Nikasema ya udongo, mabati. "Ipo bado?" Nikasema ilichomwa. Akaandika, akaniambia nitaitwa tena. Bado sijaitwa.

Usiku ule sikulala. Niliwaza: kumbe mtu asiye na ukuta wa mawe ni vigumu kuonyesha alikotoka.

Jirani yetu hapa Magarama ni mzee Mrundi anayeongea Kiswahili cha Tanzania, kile cha "shikamoo" na "samahani sana". Alikimbia mwaka 1972 akiwa mtoto, katika mauaji makubwa ya mwaka ule ambayo Warundi wanayaita Ikiza. Akakulia Ulyankulu, mkoa wa Tabora, katika nchi aliyoitawala zamani Mtemi Mirambo. Alirudi Burundi baada ya miaka zaidi ya 30. Nilipomwelezea habari za Wakathari na likizo ya dada yule, akacheka, akasema: "Mwanangu, kwa nini uende mbali? Jumapili nitakutembeza. Na sisi tuna ngome."

Basi tukaenda, kwa miguu. Mzigo wetu ulikuwa chupa ya maji na ndizi nne.

Tulianzia katika makumbusho ya taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955, wakati wa Wabelgiji. Si makubwa. Kuna mikuki, vikapu, ngoma, vyombo vya maziwa na picha za wafalme. Mzee alisimama mbele ya picha za zamani, akanihesabia: Mwezi Gisabo, aliyetawala zaidi ya miaka 50 mpaka alipofariki 1908, Mutaga wa Nne, 1908 mpaka 1915, Mwambutsa wa Nne, aliyewekwa akiwa mtoto mdogo mwaka 1915 na kuondolewa 1966. Na Ntare wa Tano, mwanawe, mfalme wa mwisho, aliyetawala miezi michache tu ya mwaka 1966. "Huyu aliuawa hapa hapa Gitega, mwaka 1972," akasema, na akanyamaza. Mwaka ule ule yeye alivuka mpaka. Sikumuuliza zaidi.

Kutoka hapo tulipita kwenye jengo la zamani la Wajerumani, lile watu wanaloliita boma. Wajerumani walihamisha makao yao kutoka Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo, kuja Gitega mwaka 1912. Hawakukaa sana: mwezi wa sita 1916 Wabelgiji waliuteka mji. Lakini kuta zao ni nene, na bado zimesimama. Niligusa ukuta, ukawa wa moto kwa jua. Nikamwambia mzee: "Hii ndiyo Quéribus ya kwenu." Ilibidi nimweleze. Alipoelewa, alitikisa kichwa: "Ehe. Aliyeshinda ndiye mwenye mawe."

Maana Mwezi Gisabo hakuwa na ngome ya mawe hata moja. Mfalme yule aliwazuia watu wa Rumaliza, mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa na nguvu Ujiji na ziwa zima la Tanganyika. Lakini jumba lake lilikuwa rugo kama rugo za watu wake, ila kubwa zaidi: ua wa miti na matete, nyumba za mviringo za nyasi. Tena hakuwa na rugo moja. Alikuwa nazo kwenye vilima vingi, akihama kutoka moja kwenda nyingine. Wajerumani walipokuja na bunduki kumtafuta mwaka 1903, wakisaidiwa na Kilima na Maconco waliokuwa maadui zake, walichoma rugo, wakamfuatia rugo nyingine. Mwisho alikubali mkataba wa Kiganda, tarehe 6 Juni 1903, na akatozwa faini ya ng'ombe 424. Lakini aliendelea kuwa mfalme mpaka kufa. Wakathari walikaa juu ya mwamba mmoja, wakazingirwa. Mwezi alihama.

Kutoka mjini mpaka Gishora ni kama kilomita 7. Njia inapanda na kushuka, migomba huku, maharage kule, watoto wanakusalimia "Amahoro!" Mzee alitembea polepole, mimi nikifuata mwendo wake. Nilijisikia mtalii kweli. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutembea mwendo mrefu hivyo pasipo kukimbia kitu wala kubeba kitu cha kuuza.

Gishora ni kilima cha ngoma. Mwezi Gisabo ndiye aliyeiweka rugo pale, baada ya kumshinda chifu mwasi aliyeitwa Ntibirangwa. Familia za watunza ngoma zimebaki hapo hadi leo. Ngoma zinachongwa kutoka mti wanaouita umuvugangoma, maana yake mti unaofanya ngoma iseme. Kuna ngoma mbili za heshima zenye majina, Ruciteme na Murimirwa: moja ni ya yule ambaye watu wanamfyekea msitu, nyingine ya yule wanayemlimia. Na kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hii katika urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Nilipenda hilo neno, urithi usioshikika. Wanaume walipiga, wakaruka, kifua changu kikatetemeka. Mimi nilisimama pembeni. Amri ya mwaka 2017 inakataza wanawake kuzipiga. Nasema nilivyoona, sijaja kugombana na wenyeji wangu.

Nilimuuliza mzee: "Na zile rugo nyingine za Mwezi, alama yake iko wapi?" Akaninyooshea mkono kwenye kilima cha ng'ambo. Nikaona miti mikubwa imesimama kwa kikundi, katikati ya mashamba.

"Ukiona miti kama ile peke yake," akasema, "uliza wazee. Mara nyingi utaambiwa palikuwa na rugo ya mfalme. Tunaita ibigabiro."

Akanielezea. Ua wa rugo ulipandwa vijiti vya mikuyu na miti mingine ya jamii hiyo. Vijiti vile vina uhai, vinashika mizizi. Mfalme akihama au akifa, nyasi zinaoza, matete yanaoza, lakini ua unaendelea kukua mpaka unakuwa msitu mdogo. Watu waliuheshimu, hawakuukata ovyo. Kwa hiyo ramani ya wafalme wa Burundi imeandikwa kwa miti.

Halafu akaniambia la kwake. Aliporudi kutoka Ulyankulu, shamba la baba yake lilikuwa na watu wengine. Nyumba haikuwepo, hata jiwe la jiko halikuwepo. Walipoulizwa mbele ya wazee wa kilima nani anajua mpaka, yeye alisema: "Mama yangu alikuwa anatundika vibuyu vya maziwa kwenye mti wenye tawi lililopinda kama kiwiko." Wakaenda. Mti ulikuwepo, na tawi lilikuwepo. Waligawana shamba na yule aliyelikuta, nusu kwa nusu. Hakupata yote, na yule mwingine hakufurahi. Lakini wanasalimiana.

Tulirudi Magarama jioni, miguu imechoka vizuri.

Wiki iliyofuata nilienda Gasorwe. Sisi tuliletwa huko Muyinga, mbali na mpaka, na sababu tunaijua wote. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema wakimbizi wakae umbali wa kutosha kutoka mpaka wa nchi waliyoikimbia. Mwezi wa nane 2004, pale Gatumba, karibu kabisa na Kongo, kambi ilishambuliwa usiku na watu zaidi ya 150 wakauawa. Wakathari walitegemea urefu wa mwamba. Sisi ngome yetu ni umbali, pamoja na karatasi yenye muhuri.

Nilimuuliza mama: "Kwetu palikuwa na mti gani?" Hakufikiri hata kidogo. Mwembe, akasema, upande wa jua linakotoka. Baba yako aliupigilia msumari wa kutundikia baiskeli, na wewe ulichanika mguu hapo. Nikatazama mguu wangu. Kovu lipo. Miaka yote nilijua nina kovu, nikasahau lilitoka wapi.

Nilichukua karatasi, tukachora pamoja, yeye akisema, mimi nikishika kalamu. Mwembe, msumari, kisima, kwa mama Furaha, njia ya miwa. Nimeiweka karatasi hiyo kwenye bahasha ya faili. Sijui kama afisa ataihitaji. Nikiitwa, nitaenda nayo.

Kwa ninyi ndugu zangu wa kambi: kaeni na wazee wenu mapema, waulizeni habari za miti, visima, na majina ya majirani. Mama yangu ana presha, na siku nyingine anasahau hata jina langu. Kwa ninyi wa mashirika mnaopenda kutembea: njooni Gitega. Anzeni makumbusho, pitieni boma, mfike Gishora kabla jua halijawa kali, mbebe maji. Na mkituhoji, msiulize nyumba tu. Ulizeni na mti.