Mafundisho ya Hedhi katika Milima ya Nepali

Upande wa magharibi ya nchi ya Nepali, katika wilaya za Achham, Bajura na Dailekh, viko vijiji vingi vya milimani vilivyo mbali na barabara. Huko ipo desturi ya kale iitwayo chhaupadi. Mwanamke aliye katika hedhi huhesabiwa kuwa najisi. Basi hutoka nyumbani, akalala katika kibanda cha mawe na udongo, au katika zizi la ng'ombe, hata siku zake zimalizike. Haingii jikoni, hagusi kisima, wala hanywi maziwa. Msichana anayevunja ungo hutengwa siku nyingi zaidi. Kwa imani ya wenyeji, asipotengwa miungu hukasirika, mifugo hufa, na wazee wa nyumba huugua.

Tusidhani ya kwamba mama humtoa binti yake kwa ukatili. Humtoa kwa hofu, tena kwa kuwapenda jamaa zake; naye mwenyewe alitolewa vivyo hivyo na mama yake.

Walakini kibanda kina hatari nyingi. Nyoka huingia, na watu waovu pia. Wakati wa baridi moto huwashwa ndani, na kwa kuwa hakuna dirisha, moshi huzuia pumzi. Desemba 2016 msichana wa miaka 15 alikufa kibandani huko Achham. Januari 2019, katika wilaya ya Bajura, mama mmoja na wanawe wawili walikutwa wamekufa kibandani, baada ya kuwasha moto ili waote.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya nchi iliamuru desturi hiyo ikomeshwe. Mwaka 2017 bunge lilitunga sheria, nayo ikaanza kutumika Agosti 2018: amlazimishaye mwanamke kutengwa apate kifungo cha miezi mitatu, au faini ya rupia 3,000, au yote mawili. Baadaye maelfu ya vibanda vikabomolewa.

Je, desturi ilikwisha? La. Katika uchunguzi mmoja uliotangazwa mwaka 2019, wasichana 400 wa Dailekh waliulizwa. Katika kila 100, wapatao 60 walijua ya kuwa jambo hilo limekatazwa na sheria. Hata hivyo 77 walikuwa wakitengwa. Na mahali pengine, kibanda kilipobomolewa, mwanamke alilala zizini, au watu wakajenga kingine. Amri ilikuwa imefika kijijini kabla ya maelezo. Kuta zilianguka, lakini hofu ilibaki mioyoni.

Hapo ndipo ilipoonekana haja ya mafundisho. Tangu mwaka 1988 Nepali ina wanawake wa kujitolea katika kazi ya afya, nao wamepita 50,000, kila mmoja akihudumu kijijini kwake. Watu hawa hawahitaji mkalimani, wala hawaogopi njia za milimani. Na mwaka 2019 serikali ilitangaza ya kuwa wasichana wa shule zake watapewa sodo bila malipo.

Yapasayo kufundishwa si magumu. Damu ya hedhi ni utando wa ndani wa tumbo la uzazi, uliojitayarisha kulea mimba, nao hutoka mimba isipotungwa. Si laana wala ugonjwa. Kitambaa na kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani hata kikauke kabisa, kisifichwe penye unyevu.

Lakini msichana akifundishwa peke yake, atarudi jioni kwa watu wasiojua, naye atatolewa nje kama kwanza. Kwa hiyo bibi afundishwe, baba afundishwe, na mganga ambaye neno lake huogopwa afundishwe pia. Enyi walimu, mkisomesha habari hii darasani, wavulana wasitolewe nje. Wao ndio watakaokuwa baba wa nyumba kesho, na mlango wa nyumba watakuwa nao mkononi.