Kutoka Ndiva Hadi Pampu: Maji Yanavyopanda Kilima Jipe

Ukisimama kando ya Ziwa Jipe alfajiri, Milima ya Upare ya Kaskazini iko mbele yako kama ukuta. Juu kuna ukungu na migomba. Chini, hapo uliposimama, kuna maji, na hatua chache nyuma ya maji hayo nyika imekauka hadi udongo umepasuka. Kilimo cha pande hizi, tangu enzi na enzi, kimetegemea swali moja: maji yako juu yako au chini yako?

Wapare wa zamani waliyapata juu. Walichimba mifereji kutoka kwenye chemchemi, wakaipitisha ubavuni mwa mlima kwa mteremko mdogo mno, na njiani wakajenga ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo. Mkondo wa chemchemi ni mwembamba. Ukiuachia uende shambani moja kwa moja, ardhi inaumeza njiani. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva huzibwa, na maji hujikusanya usiku kucha. Alfajiri kizibo kinang'olewa, maji yanashuka kwa kishindo, na mwenye zamu yuko chini na jembe lake, anafungua tuta moja na kufunga jingine. Tope likijaa, watu wote huitwa kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na asiyefika hutozwa faini. Naiheshimu sana kazi hii. Haikuhitaji mafuta wala chuma. Ilihitaji jicho la kupima mteremko na watu wanaoelewana.

Aliyejenga chini, karibu na ziwa au mto, hakuwa na msaada huo. Alibeba. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na bustani ndogo ya mchicha na nyanya haitosheki kwa ndoo kumi. Wamisri walilitatua hilo kwa shadufi, mti mrefu wenye ndoo upande mmoja na uzito upande wa pili, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na mwaka 1206 mhandisi al-Jazari alichora mitambo ya kuinua maji. Kisha, katika miaka ya 1640, mwanasayansi Torricelli akaeleza jambo ambalo hadi leo linawagharimu wengi: pampu haivuti maji, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kupanda bombani, na nguvu yake haifiki mita 11. Jipe iko takriban mita 700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi zaidi, hivyo kwa vitendo hesabu mita sita au saba tu. Ukiiweka pampu juu nyumbani, itanguruma bure. Iweke chini karibu na maji, ijaze maji kwanza, hakikisha vali ya mwisho wa bomba haivuji, kisha iachie isukume. Kusukuma hakuna mpaka huo. Kunategemea nguvu ya mashine na uimara wa bomba.

Kwetu Afrika Mashariki pampu za kukanyaga kwa miguu zilienea miaka ya 1990, zikibuniwa Nairobi na shirika la ApproTEC, baadaye KickStart. Zikafuata za petroli, na sasa za sola.

Lakini maji ya chini nayo yalikwisha kupata wenyewe. Jipe inalishwa na Mto Lumi kutoka Kilimanjaro, na hutoka kwa Mto Ruvu kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Kutoka hapo Mto Pangani huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilianzishwa mwaka 1991. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inamtaka anayevuta maji kwa kilimo awe na kibali. Ziwa lenyewe ni la kina kifupi, linajaa tope na magugu.

Pampu imemtua mama ndoo kichwani, na hilo ni jambo kubwa. Ilichoacha nyuma ni zamu. Kwenye ndiva kila mtu anajua siku yake. Kwenye ziwa, mwenye petroli anawasha anapotaka. Wenye pampu wa Jipe, kaeni kikao kabla ya kiangazi kijacho, mpangiane siku, na siku ya kuondoa magugu mwite msaragambo.