Kilatini na Mtoto wa Katindo

Jioni hapa Katindo si ajabu kumkuta kijana wa Latin-Philo ameinamia daftari lake, akishindana na mistari mitatu ya Kilatini. Mzazi wake anamtazama, anakumbuka malipo ya shule, kisha anauliza: "Mwanangu, lugha ya wafu itakupa nini?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu. Tulitafute katika historia.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wengi hudhani Kilatini ni mali ya Wazungu, kitu kilichofika Afrika pamoja na wamisionari. Sivyo. Huko Roma kwenyewe, Wakristo wa mwanzo walisali kwa Kigiriki. Afrika ya Kaskazini, katika nchi tuziitazo leo Tunisia na Algeria, ndiyo iliyotangulia kulipa Kanisa maandishi ya Kilatini. Maandishi ya Kikristo ya Kilatini ya kale kuliko yote tunayojua mwaka wake ni habari za mashahidi wa Scilli, waliohukumiwa kufa mjini Karthago mwaka 180. Tertuliano wa Karthago ndiye wa kwanza tunayemjua kuliandika neno Trinitas ili kuutaja Utatu wa Mungu. Baada yake walikuja Mtakatifu Sipriano, halafu Mtakatifu Agostino, askofu wa Hippo (354–430). Basi Kilatini cha Kanisa kina babu zake Afrika.

Kufasiri nako kulileta taabu tangu zamani hizo. Papa Damaso alikuwa amemwagiza Mtakatifu Yeronimo kuzisahihisha Injili za Kilatini. Baadaye Yeronimo alikwenda kukaa Betlehemu, akafasiri Agano la Kale kutoka Kiebrania. Mwaka 403 Agostino alimwandikia barua kumweleza jambo lililotokea Oea, mji uitwao leo Tripoli, katika Libya. Askofu wa huko aliamuru tafsiri mpya isomwe kanisani. Walipofika katika kitabu cha Yona, pale mmea unapomtilia nabii kivuli, watu wakasikia jina lisilo lile walilolizoea tangu babu zao. Zamani walisomewa mmumunye. Yeronimo alikuwa ameandika hedera, mmea mwingine utambaao. Ghasia zikazuka, na askofu akawa karibu kuachwa bila waumini. Kwa ajili ya mmea tu! Lakini tusiwacheke. Neno la sala likikaa miaka mingi kinywani mwa watu, huwa mali yao, na anayeligusa sharti ajue sababu.

Karne nyingi zikapita, na Kilatini kikaja kwetu Kongo. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walipokea kituo cha Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika. Kabla karne ya 19 haijaisha, Askofu Victor Roelens alifungua hapo seminari ndogo. Mmoja wa vijana wake alikuwa Stefano Kaoze, Mtabwa wa Marungu. Siku zile falsafa na teolojia zilifundishwa katika vitabu vya Kilatini, na Misa yote ilikuwa Kilatini. Asiyeijua lugha hiyo hakuweza kufika altareni. Walikuwako waliosema kwamba Mwafrika hataweza kamwe. Kaoze alipewa daraja takatifu la upadri huko Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, akawa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Katika Uganda, Bazilio Lumu na Victor Mukasa walikuwa wamekwisha kutangulia, tarehe 29 Juni 1913. Na jimbo letu la Goma lilipoundwa mwaka 1959, askofu wake wa kwanza, Joseph Busimba, naye alikuwa mtu aliyepita njia hiyo hiyo.

Je, Kilatini ni kigumu mno kwa mtoto wetu? Tuone. Mfaransa akitaka kusema "tunaona" anahitaji maneno mawili: nous voyons. Mlatini husema videmus, neno moja tu, na mtu anayetenda yumo ndani yake. Nasi pia husema neno moja: tunaona. Tofauti ni kwamba sisi tunamweka mtendaji mwanzoni mwa neno, Mlatini anamweka mwishoni. Sisi husema "mtoto mzuri, watoto wazuri". Mlatini husema puer bonus, pueri boni. Maneno yanafuatana kama ndugu waliovaa kitambaa kimoja, kwetu kichwani, kwake miguuni.

Kwa hiyo anayefasiri Kilatini aanze kutazama miguu. Chukua maneno haya: Agricolam leo videt. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: "Mkulima anamwona simba." Amekosa! Herufi m iliyo mwishoni mwa agricolam yaonyesha kwamba mkulima ndiye anayeonwa. Simba amemwona, na mkulima hana habari. Herufi moja ndogo, lakini mkulima angependa sana kuijua.

Yako pia maneno ambayo hata mwenye bidii humtoa jasho. Kilatini kina spiritus na kina anima. Sisi mara nyingi tunayaita yote mawili roho: Roho Mtakatifu, na roho ya marehemu. Neno persona tunaliita nafsi, tunaposema Nafsi tatu za Mungu. Lakini katika wimbo wa Bikira Maria, anima na spiritus yanafuatana, na wafasiri wetu hawakutaka kusema roho mara mbili. Basi anima ikawa moyo. Walifanya vema, lakini asiyejua Kilatini hataona kwamba hapo palikuwa na shauri la kukata.

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifungua mlango wa lugha zetu katika liturujia. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Tulishukuru, maana mama zetu wanafahamu wanachokisali. Hata hivyo Misale ya Roma bado hutolewa kwanza kwa Kilatini, na kutoka hapo lugha nyingine hufasiriwa. Ikiwa kati yetu hakuna ajuaye kukisoma, tutafasiri tafsiri ya Kifaransa, kama mtu achotaye maji katika mtungi wa jirani badala ya kwenda chemchemi. Jirani akikosea, nasi tutakosea pamoja naye, wala hatutajua.

Basi, mzazi wa Katindo, mwanao akiinamia tena mistari yake mitatu, usimwambie anapoteza wakati. Siku moja Kanisa la hapa litahitaji mtu wa kusema: "Neno hili tumelifasiri vizuri, lile, hapana." Mtu huyo hawezi kuagizwa kutoka mbali, kwa sababu lazima ajue Kiswahili kama alivyokinyonya kwa mama yake. Mwongezee mafuta ya taa.