Kusanyiko Lisikike

Usiku wa Alhamisi, tarehe 13 Januari 1972, katika kanisa la New Temple Missionary Baptist mjini Los Angeles, Aretha Franklin aliketi kwenye piano na kuanza na "Wholy Holy", wimbo wa Marvin Gaye. Lakini ukiiweka santuri ya Amazing Grace iliyotoka Juni mwaka huo, utausubiri sana wimbo huo. Umewekwa mwanzo wa upande wa nne, na kinachofungua santuri ni "Mary, Don't You Weep". Mwaka 1999 zikatolewa rekodi kamili za usiku ule na wa pili yake, zikifuata mpangilio wa tukio lenyewe. Hapo ndipo sisi tuliozaliwa baadaye tukaweza kulinganisha ibada ilivyokuwa na ibada ilivyopikwa.

Nasema "ilivyopikwa" bila dharau. Mimi ni fundi mitambo. Jumapili nakaa nyuma ya mikisa katika kanisa moja hapa Dar es Salaam, na usiku wa katikati ya wiki nakaa na hedifoni nikichanganya tulichorekodi. Jikoni nakujua. Ndiyo maana santuri hii naisikiliza kwa namna yangu: sauti ya Aretha naiacha ipite, natafuta waliokaa nyuma.

Hakuwa mgeni wa kurekodiwa kanisani. Mwaka 1956, akiwa na miaka 14, alirekodiwa akiimba katika kanisa la New Bethel Baptist mjini Detroit, alikochunga baba yake, Mchungaji C. L. Franklin. Aliyerekodi alikuwa Joe Von Battle, mwenye duka la santuri katika mtaa wa Hastings, ambaye pia alirekodi mahubiri ya baba. Kwa vifaa vya enzi hizo, kuchanganya kulifanyika kabla wimbo haujaanza: unasogeza maiki hatua mbili, unamwambia mtu arudi nyuma kidogo, basi. Kilichonaswa kimenaswa. Ukisikia bibi anaitikia kwa nguvu kuliko mwimbaji, ujue alikaa karibu.

Halafu kuna James Cleveland, ambaye kwangu ndiye kiungo cha habari yote hii. Tarehe 19 Septemba 1963, mjini Newark, New Jersey, alirekodi Peace Be Still pamoja na Angelic Choir mbele ya waumini. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu bomu liue wasichana wanne katika kanisa la 16th Street Baptist, Birmingham, Alabama. Watu weusi walikuja kanisani wiki hiyo, makanisa yakiwa yanalipuliwa, wakaimba juu ya dhoruba inayoamriwa kutulia. Mkanda hautaji Birmingham. Ila siwezi kusikiliza yale maitikio kama mapambo ya nyuma, na simwelewi fundi anayeweza.

Miaka minane na ushee baadaye Cleveland huyohuyo ndiye aliyeongoza usiku wa Los Angeles, akiwa na Southern California Community Choir chini ya Alexander Hamilton. Aretha alikuja na wapigaji aliokuwa akirekodi nao studio: Bernard Purdie kwenye drams, Chuck Rainey kwenye gitaa la besi, Cornell Dupree kwenye gitaa. Sasa hapo fundi ana shughuli. Drams za mtu kama Purdie ndani ya jengo lililowahi kuwa ukumbi wa sinema hazikai kwenye maiki zake. Zinavuja kwenye maiki za kwaya, za piano, na zaidi ya zote zile zinazoelekezwa kwa waumini.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo maamuzi yote yanapotoka. Sauti hutembea kama mita 343 kwa sekunde. Maiki iliyo mita 20 kutoka kwenye drams inazisikia zikiwa zimechelewa kwa milisekunde 58 hivi. Ni kidogo, lakini sikio linajua. Ukipandisha maiki ya waumini ili wasikike, umepandisha pia drams za pili zilizochelewa, na muziki unakuwa uji. Njia rahisi ni kuwashusha waumini mpaka wabaki kama upepo, kisha kuwapandisha wimbo unapokwisha ili wapige makofi. Rekodi nyingi za sifa na kuabudu ninazoletewa nizisikilize zimefanywa hivyo. Waumini wanatokea mwishoni, kama mashabiki wa mpira.

Katika Amazing Grace wamo katikati ya mistari. Wimbo uliobeba jina la albamu una karibu dakika 11, na sehemu kubwa Aretha anavuta silabi moja mpaka mtu anashindwa kuvumilia na kupaza sauti. Yeye anaisikia, na anachoimba baada ya hapo kinaijibu. Wanakwaya wenyewe wanapiga kelele pale ambapo kwaya ya adabu ingekaa kimya. Ukiziondoa sauti hizo unabaki na mwimbaji hodari anayejijibu mwenyewe. Watayarishaji walioandikwa ni Jerry Wexler, Arif Mardin na Aretha mwenyewe, na mtoto wa mchungaji hakuhitaji kufundishwa nani asikike.

Kuna jambo moja linalonisumbua, na sitalificha. Usiku ule wa kwanza kanisa halikujaa. Cleveland aliwaambia waliokuwepo kwamba hii ni rekodi, kwamba wao ni sehemu yake, na akawahimiza waitikie ili wajulikane wapo. Je, maitikio yaliyoombwa bado ni maombi? Nimelifikiria sana, na jibu langu ni kwamba kila kiongozi wa ibada niliyewahi kumfungulia maiki huwaomba watu waitikie, iwe kuna rekodi au hakuna. Cleveland aliomba kwa walio ndani ya chumba, nao wakatoa chao.

Pia tulikaribia kutowaona kabisa. Sydney Pollack alipiga picha za filamu usiku zote mbili, lakini wapigapicha wake hawakutumia vibao vya kugonga mwanzo wa kila kipande. Kamera na mkanda wa sauti vilikuwa mashine tofauti, na mgongano wa kibao ndiyo alama pekee iliyoviunganisha. Bila hiyo, zikabaki saa nyingi za midomo isiyo na sauti. Teknolojia ya kidijitali ikaja kuziunganisha, Aretha akaenda mahakamani kuzuia isioneshwe, na filamu ikatoka mwaka 2018 baada ya kifo chake cha Agosti. Humo utamwona Cleveland akiacha piano na kulia, na C. L. Franklin akimfuta binti yake jasho usoni. (Mimi huwa napiga makofi matatu mbele ya kamera kabla ya ibada. Watoto wa Sunday school wananicheka.)

Masika moja tulipanga kurekodi ibada ya jioni. Mvua ikanyesha tangu saa tisa, daladala zikakwama, tukabaki watu kama 40 katika kanisa la watu 600, na mabati yakipiga kelele juu. Mchungaji akawaita wote wasogee mbele. Tukarekodi.

Kamati ilipokaa kusikiliza, mzee mmoja alisema kwa upole, "Kijana, hapa ongeza watu." Alijua inawezekana. Sauti za umati wa maelfu zinauzwa tayari kwenye intaneti, unaziweka chini ya pambio na hakuna atakayejua. Nilimwambia, "Shikamoo tena mzee, naomba siku tatu." Watu 40 walio karibu na maiki ni rahisi kuliko 600 walio mbali: drams zinavuja kidogo, maneno yanasikika. Sikuwatawanya kulia na kushoto kwa ujanja wa kutanua sauti pia, maana wasikilizaji wetu wengi wanatumia spika moja ya simu, na kwenye spika moja sauti iliyotanuliwa hivyo hujifuta yenyewe. Niliwaweka katikati, nyuma kidogo ya mwimbaji. Mvua sikuiondoa.

Tulipokutana tena walisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule mzee akauliza ni nani huyo mwanamume anayewahi kuingia kwenye kiitikio kabla ya wenzake.

"Ni wewe, mzee."

Alinyamaza. Mwenyekiti akataka kupitisha. Mzee akainua mkono, akauliza kama ile sauti ninaweza kuipandisha kidogo.